Kuku hatagi, kazubaa, anaharisha: kabla hujakimbilia dawa angalia hivi

Kuku mmoja kajikunyata kwenye kona asubuhi, mchana mwenye kuku tayari ana pakiti ya antibayotiki mkononi anaikoroga kwenye maji ya kundi zima. Mi mwenyewe nimefanya sana hiyo. Miaka ya mwanzo nilikuwa natibu kuku kumbe kinachoumwa ni banda, maana ukiwa na kuku wachache wa nyumbani matatizo mengi yanaanzia kwenye maji, hewa, msongamano, wadudu na chakula. Magonjwa yenyewe yapo na mengine yanafagia banda zima kwa siku chache, ila huwezi kuyajua kama hujaondoa kwanza hayo mengine njiani.

Kwa hiyo anza hivi. Ingia bandani mara mbili, asubuhi kabla hujawafungulia na usiku saa tatu hivi ukiwa na tochi. Asubuhi angalia kinyesi chini ya fito wanazolalia, hilo ndo gazeti la kuku, habari zote za jana zipo pale. Usiku tulia kimya usikilize, kuku anayekoroma au kupiga chafya utamsikia vizuri kuliko mchana kwenye makelele. Afu mkamate yule unayemtilia shaka umpapase kifuani, mfupa wa kifua ukiwa umechongoka kama kisu huyo kakonda siku nyingi, tatizo halikuanza jana hata kama we umeliona jana. Papasa pia kile kifuko cha chakula chini ya shingo, jioni kinatakiwa kijae na asubuhi kiwe kitupu. Asubuhi bado kigumu kama mpira ujue kuna kitu kimekwama, mara nyingi majani marefu au kamba, na kikiwa kimejaa maji maji na mdomo unanuka uchachu hicho chakula kimevundia humo ndani.

MAYAI YAMEPUNGUA AU YAMEKATA

Hili ndo linaongoza, na sababu ni nyingi kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza, una uhakika hawatagi? Kuku wanaozurura wana tabia ya kujitafutia kiota chao kwenye majani, nyuma ya mbao, chini ya gari bovu, we unalia mayai hamna kumbe kuna lundo la mayai 15 sehemu. Wafungie ndani siku mbili tatu mpaka saa sita mchana uone. Ukiyapata yale ya kichakani usiyaamini hivi hivi, yatie kwenye maji, linalolala chini ni bichi, linalosimama limekaa kitambo, linaloelea tupa.

Pili, nani hatagi? Hapa watu wengi wanabahatisha wakati kuna njia ya mkono kabisa. Mgeuze kuku, pale njia ya haja kuna vifupa viwili vya nyonga kushoto na kulia, weka vidole katikati yake. Vikiingia vidole viwili au vitatu na njia yenyewe ni pana na ina unyevu, huyo anataga. Kikiingia kidole kimoja kwa shida na njia ni kavu imejikunja, huyo hatagi, hajaanza au amepumzika. Ndani ya dakika kumi umeshajua kundi lako lote bila kumuuliza mtu.

Umri nao. Kuku wa kisasa wa mayai anaanza kama wiki ya 18 mpaka 20 hivi, wa kienyeji anaweza kukusubirisha mpaka miezi sita saba na hana tatizo lolote. Kuku mzee anapunguza kila mwaka, hiyo haina dawa usidanganywe.

Kama umeona manyoya yamezagaa banda zima na kuku wanaonekana kama wamevaa matambara, wanabadilisha manyoya. Manyoya karibu yote ni protini kwa hiyo mwili unaacha mayai unahamia huko, inachukua miezi miwili mpaka mitatu, ongeza protini tu na uvumilie. Nimeona watu wanachinja kuku wazuri kabisa kipindi hiki wakidhani wameisha.

Kuna anayeng'ang'ania kiotani, ukimsogelea anajitutumua anakunguruma kama ana hasira na dunia, huyo anataka kuatamia. Ukitaka vifaranga mpe mayai yenye mbegu usubiri siku 21. Hutaki, muweke kwenye kitundu cha sakafu ya waya kilichoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo, mpe maji na chakula kama kawaida, siku tatu nne hivi wengi wanaachana na hayo mawazo. Kumwagia maji ya baridi sioni faida yake zaidi ya kumtesa.

Na mwanga. Kuku anataka mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku ili atage kwa nguvu zote, siku zikiwa fupi anapunguza. Unaweza kuongeza taa kidogo alfajiri ila iwe saa zile zile kila siku, ukiwasha leo kesho umesahau ndo unawavuruga kabisa.

Sasa nimeacha la maji mwisho makusudi maana ndo linadharaulika kuliko yote. Yai sehemu kubwa ni maji. Kuku mmoja anakunywa kama robo lita kwa siku, joto likipanda anaweza kunywa mara mbili ya hapo, sasa we una kuku 12 na kibakuli kimoja ambacho saa nne asubuhi kimeshapinduliwa na jogoo au kipo juani maji yamekuwa ya moto, kuku hanywi maji ya moto. Wakikosa maji siku moja tu mayai yanaweza kukata siku kadhaa, na we wakati huo umeshasahau kwamba kuna siku ulisafiri ukachelewa kurudi. Weka vyombo viwili, sehemu mbili tofauti, kivulini, maana mbabe akikalia kimoja wanyonge wanakimbilia kingine.

Chakula nacho, kuku anayetaga anahitaji kama gramu 110 mpaka 130 kwa siku za chakula kilichokamilika, protini kama asilimia 16. Ukimpa nafaka tupu atanenepa vizuri tu ila mayai utayasikia kwa jirani. Na nafaka iliyoota ukungu usimpe hata kama ni ya bure, ile sumu ya ukungu inaharibu ini pole pole na haionekani kwa macho.

GANDA LAINI, JEPESI AU YAI HALINA GANDA KABISA

Likitokea moja kwa tembe anayeanza kutaga, achana nalo, mashine bado inajiseti. Likiwa la kila siku ni kalsiamu. Chakula cha kuku anayetaga kinatakiwa kiwe na kalsiamu kama asilimia 3.5 mpaka 4, chakula cha vifaranga kina kama asilimia 1 tu, kwa hiyo ukiwalisha wote chakula kimoja kuna upande unaumia. Ukiwapa vifaranga kile cha kutagia unaharibu figo zao. Suluhisho langu ni chombo cha pembeni chenye makombe ya baharini au maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa mpaka yasifanane na yai, kila anayehitaji atakula mwenyewe. Kiwepo hasa jioni kwa sababu sehemu kubwa ya ganda inajengwa usiku. Joto kali pia linafanya ganda kuwa jepesi, na kuku akishtuliwa usiku na mbwa au panya anaweza kulitoa yai kabla ya wakati wake.

WANAKULA MAYAI

Hii inaanza na ajali. Yai lilipasuka, mmoja akaonja, akanogewa. Kwa hiyo kamata sababu ya kupasuka: ganda jepesi (umeshasoma hapo juu), kiota kimoja kuku kumi wanagombania, kiota hakina nyasi, au mayai yanakaa mpaka jioni bila kukusanywa. Kiota kimoja kinatosha kuku wanne watano, kiwe na kagiza, kusanya mayai mara mbili au tatu kwa siku. Weka mayai ya bandia, ya mbao au hata mpira wa gofu, adonoe mpaka mdomo umuume akate tamaa. Mhalifu mara nyingi ana ute wa kiini mdomoni, mtenge kwanza uone kama wizi unaisha. Kuna wasiosikia kabisa, hao najua na we unajua wanaishia wapi.

WANADONOANA, MIGONGO IPO WAZI

Tofautisha. Mgongoni na nyuma ya kichwa kwa mitetea peke yake ni jogoo huyo, ama ni wengi ama ana kipenzi chake mmoja anamchosha. Jogoo mmoja anatosha mitetea minane mpaka kumi, na kama unataka mayai ya kula tu huhitaji jogoo hata mmoja, mtetea anataga bila yeye. Manyoya yakinyofolewa mkiani na kuzunguka njia ya haja hapo ni msongamano, protini au chumvi kupungua, mwanga mkali, au wamechoka kukaa hawana cha kufanya. Ndani ya banda usizidishe kuku wanne kwa mita moja ya mraba, na nje wapate eneo kubwa zaidi ya hilo. Waning'inizie fungu la majani mabichi wahangaike nalo.

Ila ukiona damu usisubiri nadharia, mtoe huyo kuku sasa hivi. Rangi nyekundu inawaita wote, nusu saa tu ukirudi unakuta wamemtoboa.

UPANGA UMEPAUKA, USIKU HAWATAKI KUINGIA BANDANI

Hapa ndo nilipigwa. Nilikuwa na kuku tisa, mayai yakashuka, upanga kichwani ukawa wa rangi ya pinki imepauka, wananyong'onyea, jioni wanasimama mlangoni hawaingii, mmoja akaanza kulala juu ya mti. Nikaambiwa ni homa ya matumbo ya kuku, nikanunua dawa, siku tano, hamna kitu, nikabadilisha dawa nyingine siku tano tena. Siku moja usiku taa imekatika nikaingia na tochi ya simu kuhesabu kuku, nikashika fito, mkono ukaanza kuwasha. Kumulika, fito yote chini inatembea. Utitiri, maelfu, wengine wekundu wameshajaa damu.

Shida ya utitiri huu mwekundu ni kwamba mchana haupo kwenye kuku, umejificha kwenye nyufa za mbao na maungio ya fito, usiku ndo unapanda kunyonya. Unaweza kumkagua kuku mchana kutwa usione hata mmoja. Chawa ni tofauti, wenyewe wanaishi mwilini, utawaona mchana ukifunua manyoya karibu na njia ya haja pamoja na mayai yao yameganda kwenye mashina ya manyoya.

Kwa hiyo kutibu kuku peke yake haisaidii, tibu banda. Toa matandiko yote uchome, toa fito, kwangua nyufa, mwagia maji ya moto sana, ikikauka piga dawa ya utitiri inayoruhusiwa kwa kuku ukifuata maelezo ya kwenye chupa, afu rudia baada ya siku 7 kwa sababu kwenye joto utitiri unatoka yai hadi mkubwa ndani ya wiki moja tu, na dawa nyingi haziui mayai. Usidhani ukiliacha banda tupu mwezi mmoja watakufa njaa, wanaweza kuvumilia miezi mingi bila kula. Wape kuku sehemu ya kuoga vumbi, mchanga mkavu na majivu kidogo, wenyewe wanajisafisha. Wangu walirudisha rangi ya upanga ndani ya wiki tatu hivi bila dawa yoyote ya mdomoni.

Kama umekagua usiku hamna wadudu na bado amepauka na amekonda, fikiria minyoo. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu inatosha wengi wanaozurura.

KINYESI

Cha kawaida ni kikavu kavu, kahawia au kijani kilichofifia na kofia nyeupe juu, ule weupe ndo mkojo wake. Kila baada ya mara kadhaa anatoa kingine cha kahawia nzito, laini, kinanata na kinanuka balaa, hicho pia ni cha kawaida kinatoka kwenye utumbo mwingine, watu wanakishtukia bure. Siku ya joto kali kinakuwa maji maji kwa sababu amekunywa sana.

Damu kwenye kinyesi cha kuku wa wiki 3 mpaka 8, wamejikunyata mabawa chini, hiyo ni koksidiosisi, ugonjwa wa kuharisha unaoletwa na kijidudu cha utumboni, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Inapenda matandiko yaliyolowa, hasa kuzunguka chombo cha maji. Dawa inayotumika sana ni amproliamu kwenye maji, na kitu ambacho hukiambiwi ni kwamba usichanganye na vitamini za kundi B wakati huo huo maana amproliamu inafanya kazi kwa kumnyima yule kijidudu vitamini B1, ukimpa umemsaidia yeye. Afu badilisha matandiko, la sivyo baada ya wiki mbili unarudi pale pale.

Kijani kibichi cha maji maji, na kuku wanahema kwa shida, mmoja shingo imepinda inazunguka, vifo leo viwili kesho vitano: kideri, wengine wanaita mdondo. Ni kirusi. Hamna dawa inayotibu, antibayotiki haikigusi, na kuchanja kundi ambalo tayari linaugua umeshachelewa. Usiuze waliobaki wala kuwahamishia kwa ndugu, usitupe mizoga jalalani, zika kwa kina au choma, na mpigie daktari wa mifugo kwa sababu mafua makali ya ndege yanafanana sana na hivi na huwezi kuyatofautisha kwa macho. Kinga ni chanjo tu, ile ya tone la jicho inayovumilia joto inarudiwa kila miezi mitatu au minne. Ukitumia ya kwenye maji, maji yasiwe na klorini, yanaua chanjo, wanyime maji saa moja mbili kabla ili wote wanywe haraka.

WANAKOHOA, MACHO YAMEVIMBA

Chuchumaa kwanza bandani mpaka kichwa chako kiwe kwenye usawa wa kuku, ukae dakika mbili. Macho yakikuwasha hata we, hiyo ni amonia ya kinyesi kilicholowa, toa matandiko, toboa hewa juu karibu na paa siyo usawa wa fito upepo ukawapiga. Wakati umesimama huisikii, kuku anaishi nayo chini kule.

Uso umevimba upande mmoja, makamasi yananuka vibaya, hayo ni mafua ya kuku ya bakteria na hapo ndo antibayotiki ina kazi, ila aliyepona anaweza kubaki ana vimelea akawaambukiza wageni. Vipele vigumu vyeusi kwenye upanga na kuzunguka macho ni ndui, inaletwa sana na mbu, usivibandue, paka iodini, vinakauka vyenyewe kama wiki mbili hadi nne, ila vikiwa ndani ya mdomo ni hatari zaidi. Na dawa yoyote utakayotoa soma siku za kusubiri kabla ya kula mayai.

VIFARANGA

Watazame walivyolala, usiangalie kipimajoto peke yake. Wamebanana chini ya taa wanalia, baridi. Wamekimbilia pembeni mdomo wazi, joto. Wote upande mmoja, kuna upepo unaingia. Wametawanyika kama mchele uliomwagwa, sawa. Wiki ya kwanza nyuzi 32 mpaka 35, kila wiki punguza kama 3. Kinyesi kikiganda kikaziba njia ya haja safisha kwa pamba na maji ya uvuguvugu, usivute. Weka vijiwe kwenye chombo cha maji wasizame, kifaranga anazama kwenye kina cha kidole.

MIGUU

Magamba yameinuka yana unga mweupe: utitiri wa miguu. Loweka kwenye maji ya vuguvugu ya sabuni, paka mafuta ya mgando au ya kupikia mpaka wakose hewa, rudia kwa wiki kadhaa. Oili chafu ya gari naona watu wanatumia, inaunguza, acheni. Kidonda cheusi kigumu chini ya unyayo kinatokana na fito zenye ncha au kuruka kutoka juu sana. Kuku mdogo mguu mmoja mbele mwingine nyuma kama anapasua msamba, wasiwasi wangu ni Marek, ugonjwa wa kirusi unaopoozesha, na chanjo yake inatolewa siku anayoanguliwa, baada ya hapo ni kumtenga tu.

AMESIMAMA KAMA PENGWINI

Mkia chini, anajikamua, hali chakula. Inawezekana yai limekwama. Mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu usawa wa tumbo dakika 20 hadi 30, paka mafuta njia ya haja, muweke sehemu ya giza yenye joto. Usijaribu kulipasua ndani. Saa kadhaa hamna kitu, daktari.

WANAPUNGUA HESABU

Manyoya yametapakaa mahali pa wazi mchana, mwewe. Wengi wamekufa kwa usiku mmoja wameng'atwa shingoni na hawajaliwa, kicheche au jamaa zake. Mayai au vifaranga vimepotea bila hata alama, nyoka au panya. Wavu wa kuku unazuia kuku kutoka, hauzuii mnyama kuingia, weka waya wa matundu ya nusu inchi na uufukie chini kama sentimita 30.

MGONJWA KAPONA ILA WENZIE HAWAMTAKI

Ukimtenga zaidi ya siku chache wanamsahau, ukimrudisha mchana wanamvamia kama mwizi. Muweke kwanza kwenye kitundu ndani ya uwanja wao wamuone siku mbili tatu bila kumfikia. Afu usiku wakishalala mpandishe taratibu kwenye fito katikati yao, bila tochi. Kuku gizani haoni, asubuhi anaamka anamkuta pembeni yake. Kutakuwa na midonoo miwili mitatu ya kichwani, waache wamalizane, we ingilia ukiona damu tu.